Kupogoa Kabla ya Kura

Nilikutana na Moraa mwezi uliopita katika hoteli moja ya Kericho, ile aina ya hoteli ambayo chai huletwa ndani ya birika na mandazi hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mvua ya alasiri ilikuwa imetufukuza sote barabarani. Nilimtambua kwa namna alivyokaa, mgongo ukiwa mbali na kiti, kama mtu anayetarajia kuitwa wakati wowote. Mama yake alikaa hivyo hivyo. Moraa alikuwa na mwanawe, kijana mrefu aliyekunywa chai bila kuitazama. Televisheni juu ya kaunta ilionyesha mkutano wa siasa mahali fulani, watu wamepanda juu ya magari, na mtu mmoja nyuma yetu akamwambia mhudumu, "Punguza hiyo kitu, tunakula." Kijana wa Moraa akacheka. Akasema yeye hajajiandikisha kupiga kura na hatajiandikisha. "Hawa watu walishapanga, auntie. Sisi tunaitwa tu kushuhudia." Mhudumu, ambaye alikuwa wa rika lake, akaitikia akiwa amebeba sahani mikononi: "Ni ukweli. Mimi hiyo siku nitalala." Moraa hakuwagombeza. Aliniangalia juu ya kikombe chake akasema, "Unakumbuka ule mwaka baba alinyamaza?" Nikasema ninakumbuka. Kijana akauliza ni mwaka gani huo, na mama yake akamjibu kwamba hiyo ni hadithi ndefu, mvua itaisha kabla ya hadithi. Ninaiandika hapa kwa sababu mvua kweli iliisha, nao wakaenda zao.

Mwaka huo nilikuwa karani wa banda la chai katika kijiji kimoja, upande ambao mashamba ya Kericho yanaanza kukutana na ya Bomet. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa wengi wa watu hawa au watoto wao bado wanaishi huko. Wakulima wadogo walileta majani mabichi kwenye vikapu, wakayamwaga juu ya meza ndefu, nami nikayapitia kwa mikono na kutoa yaliyokomaa. Kisha yakapimwa, yakangoja lori la kiwanda. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilihitaji mahali pa kulala karibu na kazi, kwa hiyo nilipanga chumba katika boma la Baba Moraa na mkewe. Wao walikuwa Wakisii, mimi ni Mkipsigis. Katika miaka ya kawaida jambo hilo halikuwa na uzito wowote. Watu walitaniana tu kuhusu nani anapika mboga ya saga vizuri zaidi na nani anaiharibu kwa maziwa mengi. Katika mwaka wa uchaguzi lilitajwa hata na watu ambao hawakutaka kulitaja.

Chumba changu kilikuwa cha mbao, na ili kuzuia upepo Mama Moraa alikuwa amebandika magazeti ukutani kwa uji wa unga wa ngano. Nikilala niliwatazama wanasiasa wa zamani wakiwa wamenyoosha vidole, mmoja wao akiwa juu kabisa ya mto wangu, mdomo wake umeliwa na mende. Upande wa pili wa magazeti hayo ndipo palipokuwa na jiko. Kwa hiyo mwaka ule niliujua kwanza kwa masikio: mwiko ukigonga sufuria ya ugali wa wimbi, kuni mbichi zikilia, Moraa akikariri masomo yake, na Mama Moraa akiongea peke yake kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake. Mwenzake alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakuwa akijibu.

Waliomjua Baba Moraa zamani waliniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sauti ya banda. Lori likichelewa, yeye ndiye aliyeuliza. Mizani ikiwekwa mahali penye mteremko, yeye ndiye aliyeinama na kuchungulia. Katika uchaguzi uliotangulia alikuwa wakala wa mgombea wa upinzani, akakaa katika chumba cha kura mpaka mwisho, na akaona, kwa maneno yake, alichokiona; hakuna mtu aliyemuuliza baadaye. Mwezi huo huo nyumba kadhaa za Wakisii zilichomwa ng'ambo ya mto. Yao haikuguswa, lakini walilala sakafuni kanisani pamoja na wengine mpaka hofu ikapungua. Halafu yule mgombea aliyemfanyia kazi akahamia upande wa walioshinda, na siku moja akapita kijijini kwa gari kubwa bila kuteremsha kioo. Kati ya mambo hayo matatu sijui ni lipi lililomnyamazisha. Nadhani hata yeye hakujua. Alitoa betri kwenye redio akazitia kwenye tochi. "Tochi angalau inaonyesha kitu," alisema, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sentensi zake ndefu za mwaka ule.

Kabla ya hapo nilifikiri kwamba mtu aliyekata tamaa na nchi yake hupiga kelele, au hunywa, au hugombana na watoto. Baba Moraa hakufanya lolote kati ya hayo. Alikama ng'ombe, akaoga, akala, akaenda kanisani kwao Wasabato kila Jumamosi na koti lake la kahawia. Kitu kimoja tu kiliisha ndani yake: hakuanzisha jambo lolote jipya. Nguzo ya lango ilipoanguka aliifunga kwa kamba. Shimo la choo kipya lilibaki limefika magotini, likajaa maji na vyura. Ukimwuliza, alisema, "Nitaangalia." Nimewasikia vijana wengi siku hizi wakisema kura ni bure, na sijali sana wanachosema. Mimi huangalia kama nguzo ya lango imesimama.

Chai nayo ilikuwa inangoja. Kila baada ya miaka michache mkulima hulazimika kuipogoa, yaani kukata vichaka vyote mpaka karibu na goti, la sivyo hupanda juu, majani yakawa machache na magumu. Ukishapogoa, huchumi kitu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Na machipukizi yakirudi, ni lazima mwenye shamba awepo kuyasawazisha kwa kimo kimoja, kwa sababu akiyaacha yaende yanavyotaka, shamba huharibika mpaka upogoaji mwingine. Hivyo katika mwaka wa kura mlima mzima ulisoma mashamba ya watu kama barua. Anayepogoa anabaki. Anayechuma mpaka jani la mwisho, huku vichaka vikimzidi kimo, huyo ana safari. Hakuna aliyelisema jambo hili waziwazi.

Ndiyo maana swali la Arap Soi lilinyamazisha banda zima. Arap Soi alikuwa jirani yao wa kupakana mashamba, Mkipsigis mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, mfuasi wa chama kilichotawala kiasi kwamba alivaa kofia ya chama hata akikama ng'ombe. Alasiri hiyo tulikuwa tukingoja lori. Gari la mgombea lilikuwa limepita likiahidi lami kwa kipaza sauti, na mama mmoja akauliza, "Lami gani tena? Hata ile ya juzi bado iko kwa mdomo yake." Watu wakacheka. Mwingine akasema hata hivyo mdomo wenyewe umepigwa lami, ndiyo maana maneno yanateleza. Arap Soi, aliyekuwa amekaa juu ya kikapu chake kitupu, akamgeukia jirani yake katika hali ile ile ya utani.

"Baba Moraa, hiyo chai yako imefika kifua. Mama Moraa anachuma kama mtu anatundika pazia. Hutaikata?"

Kicheko kikaisha chenyewe. Baba Moraa aliangalia barabara.

"Nitaangalia," akasema.

Kila mmoja pale alisikia alichosema. Muda si mrefu mzee mmoja akamsogelea na kumuuliza kwa upole, labda kwa nia njema, ni nani atakayemchumia chai akiwa safarini.

Jioni ile, wakati sufuria ilikuwa bado motoni, niliwasikia kupitia kwenye magazeti.

"Tutaenda mwezi wa kumi na moja, kabla barabara haijachafuka," Baba Moraa alisema. "Ndugu yangu atatupa nyumba yake ya jikoni."

"Ya jikoni," Mama Moraa akasema.

"Kwa muda."

"Na chai?"

"Chai haina miguu."

"Ndiyo hiyo shida. Haina miguu, na wewe unayo."

Baba Moraa akasema hataki kulala kanisani tena, hataki Moraa alale kwenye sakafu ya kanisa tena. Mama Moraa akasema hata yeye hataki. "Lakini ukienda mwaka huu utaenda kila mwaka wa kura. Huyu mtoto atakua akijua kwamba nyumba ni kitu ya kufunga na kamba. Halafu huko Kisii mimi ni nani? Niliolewa nikaletwa hapa. Huko hata njia ya choo siijui."

"Hii nchi ilishaamuliwa, mama. Haituulizi."

"Nchi wacha. Mimi nakuuliza juu ya chai."

Juma lililofuata Baba Moraa alikunja shati moja na suruali moja, akaenda Kisii kuiona nyumba ya jikoni.

Siku ya pili baada ya kuondoka kwake, Mama Moraa alinikuta nikinawa mikono. "Chebet, vaa viatu. Tunaenda kwa jirani." Sikuuliza tunaenda kufanya nini. Kwa Arap Soi tulikaribishwa sebuleni, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na mkewe akatumiminia mursik kutoka kwenye kibuyu, yale maziwa yaliyolala, yenye majivu ya mti. Mama Moraa alikunywa yote kwanza, akafuta mdomo.

"Jirani, nimekuja unikatie chai."

Arap Soi aliniangalia mimi, halafu yeye. "Baba Moraa amesema?"

"Baba Moraa ameenda Kisii kutafuta nyumba."

"Basi unaniambia nishike panga, niingie kwa shamba ya mtu na hayuko. Mwaka kama huu."

"Ndiyo."

"Mama Moraa, wewe unanitakia jela."

"Sema yote," mkewe akasema kutoka mlangoni. "Si jela peke yake. Watu wenu watasema tumewafukuza. Na watu wetu watasema anasafisha shamba ndio achukue."

"Nitawaambia ni mimi nilimtuma," Mama Moraa akasema.

"Nani atakusikia?" Arap Soi akauliza, na sasa hakuwa akitania. "Mtu akishakasirika hasikii."

"Chebet atasikia. Ndiyo sababu nimemleta. Ni mtoto wenu, na analala kwangu."

Nilitamani angekuwa amemchagua mtu mwingine. Mpaka siku ile nilikuwa nikisikiliza watu bila kudaiwa chochote. Arap Soi alivua kofia yake, akaizungusha mikononi, akaivaa tena. Alikuwa anajua, kama sisi sote, kwamba shamba la jirani likibaki bila mwenyewe lingekuwa rahisi sana kulimeza, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu nalo kuliko wote. Sijui kama alikuwa amewahi kulifikiria. Ningekuwa yeye, ningelifikiria.

"Kichaka ya kwanza utakata wewe mwenyewe," akasema mwishowe. "Asubuhi, watu wakiona. Na tutaanzia kwa barabara, si kule chini mtoni. Kitu imetumwa na mwenyewe haianzii mtoni."

Ilikuwa mwezi wa tisa, tumechelewa kidogo, lakini mawingu yalikuwa mengi na jua halikuwa kali. Mama Moraa alifunga leso kiunoni, akakata kichaka cha kwanza mbele ya watu waliokuwa wakielekea bandani, akamkabidhi Arap Soi panga. Arap Soi na vijana wake wawili walifanya kazi kwa kuinama, kila mmoja na mstari wake. Alikuwa amekata kijiti cha kupimia, na kila baada ya vichaka vichache alikisimamisha ardhini kuhakikisha hawapandi wala hawashuki. Matawi yaliyoanguka hawakuyatupa. Waliyalaza juu ya visiki vilivyobaki, ili jua lisivichome. Harufu ya utomvu wa chai iliyokatwa ilifika mpaka bandani, mbichi kama harufu ya maharagwe yanayomenywa. Ukiwa ndani ya shamba uliona kitu kilichotandikwa. Ukiwa barabarani, uliona mahali penye kijani kilichokolea pamegeuka kuwa kahawia, pamelala, kana kwamba kundi la ng'ombe limepita juu yake kwa hasira.

Na Baba Moraa alirudi kwa barabara. Ilikuwa mchana, Mama Moraa alikuwa ameenda kusaga mahindi, na mimi nilikuwa nimealikwa kula kwa Arap Soi kwa sababu siku hiyo lori halikuwa likija. Hatukusikia hodi. Alisimama mlangoni na begi lake bado begani, viatu vyake vizuri vimejaa matope mpaka kwenye soksi.

"Mmekata," akasema.

Arap Soi alikuwa na tonge mdomoni.

"Hamngeweza kungoja? Ningeenda mwezi wa kumi na moja. Ningekuachia wewe, Arap Soi, si mwingine. Nilikuwa nakuja kukuambia. Ungechuma wewe na watoto wako. Lakini mmekata. Hata mwizi hungoja mwenye nyumba alale."

Sikuwa nimemsikia akiongea maneno mengi hivyo tangu nihamie kwao. Mke wa Arap Soi alisimama. Mimi nikasema, kwa sauti ambayo haikutoka vizuri, kwamba ni Mama Moraa aliyemtuma, kwamba nilikuwepo. "Nyamaza wewe," akaniambia, wala hakuniangalia. Arap Soi alitafuna, akameza, akanyoosha mikono yake miwili juu ya meza. Ilikuwa myeusi kwa utomvu mpaka kwenye kucha.

"Ni mimi nimekata," akasema. "Mgongo yangu haisimami. Sasa ukae ule, ama twende uone."

"Nimeona."

"Umeona kutoka kwa barabara. Kutoka kwa barabara mtu haoni chai."

Tukaenda, wote wanne, chakula kikabaki. Baba Moraa aliingia katikati ya mistari na viatu vyake vya safari. Mtu aliyelima chai miaka yote ile alitakiwa kutambua upogoaji hata akiwa amefumba macho, na nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilichomzuia siku ile. Jibu langu ni kwamba kwa muda mrefu alikuwa akingoja kufanyiwa ubaya, na mtu anayengoja ubaya huuona umefika kwa kitu chochote cha kwanza kinachobadilika. Alichuchumaa. Aliinua matawi kutoka kwenye kisiki kimoja, akapitisha kiganja juu ya mikato, akaenda kwenye kisiki kingine akafanya hivyo hivyo, na kingine. Hakuna tawi lililopasuka. Kimo kilikuwa kimoja. Kisha nikamwona akiyarudisha matawi mahali pake, moja moja, namna alivyoyakuta.

Hapo ndipo Mama Moraa alipotokea njiani na unga kichwani. Aliona viatu vya mumewe, akaona nyuso zetu, akashusha mzigo.

"Nani alikuambia ukate?" Baba Moraa akauliza.

"Wewe ulisema utaangalia," akamjibu. "Sasa angalia."

Arap Soi ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akashika mgongo wake unaouma. Baba Moraa hakucheka, wala hakuomba msamaha kwa maneno. Lakini mkewe aliitazama mikono ya jirani, akamtazama mumewe, akamwambia kwamba amegombana na watu wakiwa mezani na atarudi sasa hivi kula kile chakula alichokifanya kipoe. Akarudi. Alikaa na viatu vyake vya matope juu ya sakafu safi ya mke wa Arap Soi, akala ugali uliopoa, na hakuna mtu aliyemharakisha. Alasiri alivaa gambuti, akachukua panga, akainama kwenye mstari uliokuwa umebaki, kando ya Arap Soi.

Natamani ningeweza kuandika kwamba kuanzia siku hiyo alibadilika. Hakubadilika. Nyumba ya jikoni ya ndugu yake ilibaki ikimngoja, na jioni kadhaa nilimsikia akisema kwamba kukata chai hakuzuii moto. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Baadaye, katika kazi yangu ya kuandika habari, nimekaa na watu waliopogoa chai yao, wakapaka nyumba zao rangi, na bado wakafukuzwa sawasawa na wale waliofunga mizigo mapema. Mwezi wa kumi na moja familia mbili za Kisii upande wetu ziliondoka, magodoro yakiwa juu ya pikapu, na mama mmoja alisimama langoni kumuaga Mama Moraa. "Sasa wewe umejifunga," akamwambia. Mama Moraa akasema, "Nimejifunga, ndiyo," akampa ndizi za njiani. Shamba lilikuwa visiki vitupu, bila kitu cha kuchuma wala cha kuuza, na walikula mboga ya saga mpaka Moraa akasema ataanza kulia kama mbuzi.

Lakini asubuhi moja, kabla sijaenda bandani, nilimwona Baba Moraa ameinama shambani kama mtu aliyeangusha sindano. Visiki vilikuwa vimeanza kutoa macho, vidoadoa vyekundu kwenye gome. "Yameanza," akaniambia. Kesho yake alikuwa hapo tena. Siku hizo ndizo nilizoona nguzo mpya imechimbiwa langoni.

Siku ya kura, mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, hakusema kama ataenda. Arap Soi alipita asubuhi akiwa na kofia yake, akasimama njiani. "Twende. Foleni ni ndefu."

"Mtu wangu anashindwa," Baba Moraa akasema kutoka kwenye kigoda.

"Basi twende ashindwe vizuri."

Walisimama foleni moja, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akijua mwenzake anakwenda kufanya nini. Tulipokuwa tukirudi Baba Moraa alinisubiri nimfikie. "Usidhani nimepona, Chebet," akasema. "Sijapona. Nimeenda tu."

Mtu wake alishindwa. Habari ilipofika, honi na vigelegele vilianza sokoni na kupanda mlimani, na Mama Moraa akafunga mlango ingawa bado kulikuwa na jua. Alikuwa jasiri kuliko sisi wote mwaka ule, kwa hiyo nilishtuka nilipoingia jikoni na kuona chini ya meza mfuko uliofungwa, nguo za Moraa juu, sufuria mbili ndani. Aliona kwamba nimeuona. "Mtu anaweza kubaki na bado akapanga nguo," akasema. Tulikaa wanne, bila chakula motoni, tukisikiliza kila hatua njiani. Moraa alikuwa ameshika mkono wangu. Hatua moja ikageuka kwenye lango, ikapita nguzo, ikaja moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Hodi. Ni mimi."

Arap Soi aliingia. Kichwa chake kilikuwa wazi. Kofia alikuwa ameiacha nyumbani. Alikaa bila kukaribishwa.

"Mtu wako ameshinda," Baba Moraa akasema.

"Ameshinda. Na barabara itabaki vile iko." Alivuta kigoda karibu. "Nimepita kwa hiyo chai yako. Upande wa juu imepita kimo. Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona na umekaa ndani?"

"Kuna watu huko nje, Arap Soi."

"Wako. Ni vijana wetu, wamekunywa, watalala. Nimewaambia nalala kwako leo, na wanajua mimi huamka vibaya." Akamgeukia Mama Moraa. "Huyu akingoja zaidi, hayo majani yatakuwa ya kufunika nyumba. Kesho aanze. Nitakuja na mke wangu."

Alilala kwenye kiti sebuleni, akakoroma mpaka tukashindwa kuogopa. Hakuna aliyekuja. Asubuhi mke wa Arap Soi akaja, wakaingia shambani wanne, waume na wake zao, wakavunja machipukizi kwa kimo kimoja, nami nikaenda kazini na kufungua banda, ambalo nilidhani litakuwa tupu.

Halikuwa tupu. Watu walikuja mmoja mmoja, wenye furaha na wasio nayo, wakisalimiana kwa uangalifu, kila mmoja akichagua maneno. Baba Moraa alifika karibu na mwisho. Alimwaga kikapu chake mezani; yalikuwa majani ya kwanza kutoka shamba lile tangu mwezi wa tisa. Nikaanza kuyapitia, na kwa kuwa alikuwa amechelewa kuanza, nikakuta kile nilichotarajia kukikuta.

"Baba Moraa, haya yamekomaa."

"Yamekomaa wapi?"

Nikamwonyesha. Akasema hilo si kukomaa, hiyo ni afya. Akasema nimezoea kuona majani ya watu wasiopogoa. Akainama akaichungulia mizani, akauliza ni nani aliyeihamisha, kwa nini imewekwa upande wenye mteremko, na ni kamati gani iliyokubali, na kamati hiyo ilichaguliwa lini. "Na kwa sababu mheshimiwa wenu ameshinda," akawaambia waliokuwa nyuma yake, "mwambieni hii banda inavuja tangu ile kura ingine." Halafu mtu mmoja akasema, "Mwambie wewe, si una mdomo," na mwingine akasema mizani iko sawa, mlima ndio umepinda, na banda lote likaanza kuongea kwa wakati mmoja. Lori lilikuwa limefika. Dereva akapiga honi, hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa nimeshika jani moja ambalo lilikuwa limekomaa, na hilo silibadilishi mpaka leo. Nikalitupa kando. Akaliokota, akalirudisha mezani, akaendelea kubisha.